Sauti ya Mke Nyuma ya Mlango

Wasomaji wetu wa siku nyingi wanajua kwamba ukurasa huu wa uhakiki aghalabu hushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Safari hii tumeona vema kuingia katika uwanja ambao walimu wa Kiswahili hatujauzoea sana, nao ni uwanja wa filamu fupi za vichekesho zilizotengenezwa wakati sauti ilipoanza kutiwa katika sinema. Kilichotusukuma ni tukio dogo tulilolishuhudia huko Gashonga, katika Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi ya Rwanda. Tukio hilo lilituachia swali ambalo hatukuweza kulala nalo, na ndilo tunalowaletea walimu wenzetu.

Gashonga ni nchi ya vilima na mibuni. Wenyeji wake husema Kinyarwanda nyumbani, nacho Kiswahili hukisikia katika soko la Kamembe na vinywani mwa wafanyabiashara wanaovuka Mto Ruzizi kwenda Bukavu na kurudi. Tangu mwaka 2017, Bunge la Rwanda lilipopitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za nchi, walimu wa huko wamekuwa wakitafuta kila njia ya kuwazoeza wanafunzi na wazazi wao kuisikiliza lugha hii. Njia mojawapo ni jioni ya filamu. Shuka jeupe hutundikwa ukutani mwa darasa, madawati husogezwa, na kijana mmoja hodari wa maneno hukaa kando ya mashine, akiwafasiria watazamaji kwa Kiswahili yale yanayosemwa kwa Kiingereza.

Jioni hiyo zilionyeshwa filamu nne za Stan Laurel na Oliver Hardy, yule mwembamba na yule mnene, ambao bila shaka wasomaji wengi wamepata kuwaona: Unaccustomed As We Are ya mwaka 1929, Helpmates ya mwaka 1932, Brats ya mwaka 1930, na Twice Two ya mwaka 1933. Kila moja huchukua kama dakika ishirini hivi. Zote nne zinahusu nyumba, ndoa na malezi. Darasa lilijaa watoto, akina mama waliobeba watoto wachanga mgongoni, na wazee wachache walioketi mbele.

Kijana mfasiri alianza kazi yake kwa bidii kubwa. Kila mke wa Hardy alipofungua kinywa, kijana alimpa maneno makali kuliko yale aliyoyasema, na juu yake akaongeza ya kwake: kwamba mwanamke huyu ni pilipili, kwamba dawa ya mke wa namna hii ni moja tu, kwamba bwana ana haki ya kukimbia nyumba yake. Wanaume walicheka. Watoto walicheka kwa kuwa wanaume walicheka. Filamu ya pili ilipokwisha, mama mmoja wa makamo aliyekuwa ameketi karibu na mlango alisema kwa upole, kwa Kiswahili cha sokoni, "Mwanangu, nyamaza kidogo. Tuache tumsikie mwenyewe."

Mama yule hajui Kiingereza. Alitaka kumsikia nini basi? Hilo ndilo swali letu.

Sauti ilipoingia nyumbani

Kabla hatujajibu, yafaa tukumbushane filamu hizi zilitoka wapi. Stan Laurel alizaliwa Ulverston, Uingereza, mwaka 1890. Oliver Hardy alizaliwa Harlem, katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1892. Walikutanishwa katika kampuni ya Hal Roach huko Culver City, California, na kabla ya mwaka 1929 walikwisha kujipatia jina katika filamu bubu. Filamu bubu za vichekesho zilipenda mno barabara: magari yaliyogongana, polisi waliofukuzana, watu walioteleza juu ya maganda ya ndizi. Mwili ndio uliosema. Ilipokuja sauti, wachekeshaji wengi walipotea, kwa maana walijaribu kusema mno au hawakujua la kusema.

Laurel na Hardy hawakupotea. Maneno yao waliyafanya machache, na aghalabu wakahama barabarani wakaingia nyumbani. Haikuwa bahati tu. Vyombo vya kunasia sauti vya siku zile vilikuwa vizito na vilipendelea vyumba vilivyofungwa. Lakini iko sababu nyingine iliyo ya kisanaa zaidi. Nyumba ndipo mahali ambapo sauti hufika kabla ya mtu. Mume aliyechelewa kurudi huisikia sauti ya mkewe kabla ya kumwona. Watoto waliopaswa kulala husikiwa kabla ya kukamatwa. Mgeni hubisha hodi. Mtu aliye nyuma ya mlango hakuwa na nguvu yoyote katika filamu bubu, kwa kuwa hakuonekana. Katika filamu yenye sauti ndiye mwenye nguvu kuliko wote.

Unaccustomed As We Are ndiyo filamu yao ya kwanza yenye sauti, na yaonyesha kwamba watengenezaji walilielewa jambo hilo tangu siku ya kwanza. Hardy amleta Laurel nyumbani kula chakula cha jioni, na njiani amsimulia mapochopocho ambayo mkewe atawaandalia. Mke hakuambiwa lolote. Mithali yetu husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mithali hiyo haikusema kwamba mwenyeji wa kupona ni mume peke yake, na wa kupika ni mke asiyepewa taarifa. Mke, aliyeigizwa na Mae Busch, afoka kwa maneno mengi ya haraka. Hardy, kwa kutaka kuizima sauti ile, aweka santuri katika gramafoni. Basi sauti ya mke pole pole yaanza kufuata mwendo wa muziki, hata kufoka kwake kukawa kama wimbo. Yeye mwenyewe agundua kwamba amegeuzwa kuwa mchezo, na aivunja ile santuri.

Twawaomba wasomaji wakitazame kitendo hicho kwa makini. Mtu aweza kusema kwamba hapa mwanamke anachekwa kwa kelele zake. Ni kweli anachekwa. Lakini ni yeye pia anayekataa kuchekwa, na kukataa kwake ndiko kunakolimaliza tukio. Mume alitaka kuifanya hasira yenye sababu iwe burudani. Mke akamwonyesha kwamba hasira ile si ngoma. Filamu imempa haki ya kusikia kile ambacho sisi tunakisikia.

Katika filamu hiyo hiyo uko mzaha mwingine uliotugusa zaidi. Mke wa jirani, ambaye mumewe ni polisi, aja kuwasaidia wanaume wale wawili kupika, na nguo yake yashika moto. Kwa kuogopa aibu, wanamficha ndani ya kasha. Polisi aja, adhani kwamba ndani ya kasha mna kimada wa Hardy, na kwa udugu wa kiume aanza kujisifia jinsi yeye mwenyewe anavyoendesha mambo yake ya nje ya ndoa bila kukamatwa. Mkewe yumo ndani ya kasha, asikia kila neno. Hatumwoni. Lakini kila neno la mume twalisikia kwa masikio ya yule mke. Filamu bubu isingeweza kulifanya jambo hili. Sauti haikuja tu kumpa mke mdomo. Ilimpa masikio pia.

Kioo, hodhi na mvua

Helpmates kwa maoni yetu ndiyo bora kuliko zote nne. Yaanza kwa uso wa Hardy akitugombeza kwa ukali: wewe huna aibu, mke wako ameondoka siku chache tu nawe umefanya karamu ya fujo nyumbani kwake. Twadhani anamgombeza mtu mwingine, labda Laurel, labda sisi watazamaji. Kumbe yuko mbele ya kioo. Anajigombeza mwenyewe. Nyani haoni kundule, wasema wahenga. Hapa nyani ameonyeshwa kundu lake tangu dakika ya kwanza, na bado hajifunzi.

Simu ya maandishi imefika: mke anarudi saa sita mchana. Hardy amwita Laurel aje amsaidie kusafisha. Kila walichokisafisha chachafuka mara mbili. Nguo za Hardy zaharibika moja baada ya nyingine, mpaka hana la kuvaa ila sare ya sherehe yenye upanga. Aenda stesheni kumpokea mkewe amevaa hivyo. Arudi peke yake, jicho limevimba. Nyumbani akuta hakuna nyumba. Laurel alitaka kuwasha moto wa kuwakaribisha, kuni zikakataa kushika, akamwaga petroli. Hardy aketi katika kiti kilichosalia kati ya kuta zilizoungua, na kwa adabu amwomba Laurel amfungie mlango atokapo, kwa sababu angependa kukaa peke yake. Mlango wafungwa. Paa halipo. Mvua yaanza kunyesha.

Katika filamu nzima mke haonekani ila kwa kitambo kidogo sana. Hana hotuba. Wala hana haja ya hotuba, kwa sababu kila kitu kinachotokea ndani ya nyumba ile chatokea kwa ajili ya kutokuwapo kwake. Hardy hakuangamizwa na mkewe. Aliangamizwa na uwongo wake, na na rafiki aliyemwita kuufunika uwongo ule. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa urefu wake ni dakika ishirini. Mwisho wa hadithi hatumcheki mtu aliyepigwa na mke mkali. Twamtazama mtu aliyeketi ndani ya matokeo ya matendo yake, akijaribu kuhifadhi heshima kwa kufunga mlango wa nyumba isiyo na paa. Twacheka, lakini kicheko chetu kina huruma.

Ni hapa hasa ndipo kijana wetu wa Gashonga alipotuudhi. Mwisho huo hauna maneno mengi. Una kimya, kisha mvua. Yeye aliujaza kimya chote. Alisema kwamba yote hayo yameletwa na mwanamke, kwamba laiti mke angalikawia kurudi nyumba isingaliungua. Watu walicheka sana, na mvua hawakuiona. Mama yule wa karibu na mlango aliiona. Ndipo aliposema aliyoyasema.

Kijana, kwa heshima ya umri wa mama, alinyamaza. Filamu mbili zilizosalia alizitolea maelezo mafupi kabla ya kuanza, kisha akakaa kimya. Jambo tulilolishuhudia baada ya hapo twaliona kuwa ushahidi wa kutosha. Katika Brats, Laurel na Hardy wanaigiza akina baba, na wao wenyewe wanaigiza pia watoto wao wa kiume, katika chumba ambacho samani zake zimefanywa kubwa kupita kiasi ili waonekane wadogo. Wake zao hawapo nyumbani. Akina baba wameketi kucheza dama, na ugomvi wao juu ya mchezo ni ule ule wa watoto wanaogombana chumbani. Watoto wa Gashonga, ambao sidhani kama walielewa sentensi tatu za Kiingereza, walicheka mahali hasa pa kuchekewa: walicheka walipogundua kwamba baba ni mtoto. Na hodhi lililoachwa wazi lilipojaza chumba cha kuogea maji, na Hardy akakataa Laurel asimletee mtoto maji ya kunywa kwa kuogopa kwamba atayamwaga, akaufungua mlango mwenyewe, darasa zima lilipiga ukelele kabla mlango haujafunguka. Walikwisha kujua kilicho nyuma ya mlango. Hakuna aliyewaambia.

Twice Two ina jambo la ajabu linaloingia moja kwa moja katika hoja yetu. Laurel amemwoa dada wa Hardy, na Hardy amemwoa dada wa Laurel; na dada hao wanaigizwa na Laurel na Hardy wenyewe, wamevaa mavazi ya kike. Lakini sauti za wake hao si zao: zilitiwa na waigizaji wengine wa kike. Basi twaona mwili wa mwanamume, twasikia sauti ya mwanamke. Mzaha huu ni mwepesi, na keki inayoishia usoni haikutushangaza. Hata hivyo, mtazamaji mwenye makini ajifunza hapa jambo ambalo filamu nyingine zalificha: kwamba mke tunayemwona katika vichekesho hivi mara nyingi ni kiumbe kilichobuniwa na wanaume, kikavishwa sauti.

Kasoro zisizofichika

Hatutaki wasomaji wadhani kwamba tumezipenda filamu zote za namna hii bila kuchagua. Ziko nyingine, ambazo hazikuonyeshwa Gashonga, ambazo twajua zina udhaifu mkubwa. Be Big! ya mwaka 1931 yawahusu waume wawili, ambapo Hardy ajifanya mgonjwa ili wasisafiri na wake zao, wapate kwenda kwenye karamu ya chama chao cha wanaume. Wazo ni zuri, lakini sehemu kubwa ya filamu imepotea katika kuvua viatu vilivyobana, na wake hawana kazi ila kurudi na kukasirika. Their First Mistake ya mwaka 1932 ina mke anayelalamika kwamba mumewe anatumia wakati mwingi na rafiki yake kuliko naye. Lalamiko hilo ni la haki kabisa. Laurel ashauri kwamba dawa yake ni mtoto, nao wakamchukua mtoto wa kulea. Lakini walipofika naye nyumbani, mke amekwisha kuondoka na kudai talaka. Nusu ya pili, ambapo wanaume wawili wanahangaika usiku kumlea mtoto, yafurahisha mno. Ila mke ameondolewa hadithini kana kwamba alikuwa kiti kilichozuia njia.

Huo ndio ugonjwa wa aina hii ya sanaa. Mke aliye mkali ni njia rahisi ya kumfanya mume aonekane mwema. Kila msanii aliyechoka huikimbilia, Marekani hata Afrika Mashariki. Nasi tumeisikia mara nyingi katika vichekesho vya redio na vya jukwaani vya kwetu. Wapo wachekeshaji wetu waliojua kuikwepa. Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, kwa mfano, walijenga ucheshi wao juu ya werevu unaokutana na werevu uliouzidi, kama mithali waliyopewa majina yao inavyosema, wala hawakuhitaji mke wa kusingiziwa kila juma. Wao walikuwa na sauti tupu bila picha, na sauti hiyo ilitosha.

Hata kipigo tukitaje. Katika filamu hizi wake huwapiga waume kwa vikaango na sahani. Mzee mmoja pale Gashonga alitunung'unikia kwamba filamu zinawafundisha wanawake utovu wa adabu. Rwanda imekuwa na sheria ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia tangu mwaka 2008, na sheria hiyo haichagui nani amepiga. Kwa hiyo hatulidharau neno la mzee. Lakini tulimjibu kwamba katika vichekesho vya kuangushana maumivu hayakai. Mtu huanguka ghorofa nzima akainuka akijifuta vumbi. Kilichotutia wasiwasi zaidi jioni ile hakikuwa kikaango cha mke, kwa kuwa kila mtoto alijua kwamba kikaango kile ni mchezo. Kilikuwa neno la mfasiri kwamba dawa ya mke wa namna hii ni moja tu. Neno lile halikuwa mchezo. Lilisemwa kwa lugha ya watu waliokuwapo, juu ya wake waliokuwapo.

Nani asemaye juu ya picha?

Tukio la Gashonga si geni katika historia ya sinema ya nchi zetu. Tangu mwanzo, filamu zilipoletwa au kutengenezwa kwa ajili ya Waafrika, mtu mwingine ndiye aliyekaa juu ya picha akisema. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, mradi wa Waingereza ulitengeneza filamu za mafunzo ambazo picha zake zilikuwa mbali na sauti yake. Sauti ilikuwa katika santuri, ili filamu moja iweze kusemeshwa Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Waliochezwa katika picha hawakuwa ndio wasemaji.

Karibu na Gashonga zaidi, miaka ya 1950, wamisionari wa Kikatoliki katika Kongo ya Kibelgiji walitengeneza filamu zao wenyewe. Mapadri Weupe walikuwa na kazi hiyo pale Bukavu, ng'ambo tu ya Ruzizi. Na huko Luluabourg, mji uitwao leo Kananga, Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vifupi vya Matamata na Pilipili, watu wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, ambao kila mtu aliyewaona aliwakumbuka Laurel na Hardy. Waigizaji walikuwa Wakongo, na walikuwa na kipaji cha kweli cha mwili na uso. Lakini mafunzo ya hadithi yalikuwa ya padri, na mtazamaji aliambiwa la kufikiri kabla hajamaliza kucheka. Mwaka 1996 Tristan Bourlard alitengeneza filamu ya kuwakumbuka wachekeshaji hao, nayo yastahili kutazamwa na kila mwalimu anayejali historia ya sanaa zetu.

Siku zetu mfasiri wa Rwanda, ambaye wenyeji humwita umusobanuzi, na yule wa Uganda na wa Tanzania, wamechukua kiti kile kile, tofauti ni kwamba sasa ni mtu wa kwetu na anasema kwa furaha. Filamu zilizofasiriwa, agasobanuye, zapendwa mno, nasi hatuwi miongoni mwa wanaozidharau. Ni sanaa ya masimulizi, ina ufundi na kumbukumbu, nayo imewaingiza wengi katika hadithi ambazo lugha ilikuwa imewafungia. Lakini kila mwenye kiti kile ana madaraka makubwa. Yeye ndiye anayeamua nani achekwe.

Na Unaccustomed As We Are yenyewe yatufundisha. Sauti yake ilikuwa katika santuri, na santuri hizo zikapotea. Kwa muda wa karibu miaka hamsini, filamu ya kwanza ya Laurel na Hardy yenye sauti ilitazamwa bila sauti, mpaka santuri zilipopatikana mwishoni mwa miaka ya 1970. Muda wote huo mke wa Hardy alionekana akifungua na kufunga kinywa tu, na mwenye kutazama aliweza kumwekea maneno yoyote apendayo. Jioni ile Gashonga tulikuwa tumeipata sauti iliyotafutwa nusu karne, nasi tukaifunika.

Katika desturi ya zamani ya Kinyarwanda, mke aliyeolewa hakutamka jina la baba mkwe wake, wala maneno yaliyofanana na jina hilo. Ilimpasa kutafuta neno jingine. Desturi hiyo yaitwa gutsinda. Wataalamu wa lugha huitaja kwa kustaajabia utajiri wa maneno ambao wanawake walilazimika kuubuni. Twaistaajabia pia. Lakini mama aliyeishi karibu na kumbukumbu ya desturi kama hiyo anajua, kuliko sisi, maana ya mwanamke kupimiwa maneno. Hakuhitaji Kiingereza ili amsikie Mae Busch. Sauti ina uchovu, ina mshangao, ina kejeli, ina kite. Na haya yote hayafasiriwi, husikiwa. Alichokitaka ni kwamba mke yule, hata akiwa mtu wa kuchekesha, achekeshe kwa sauti yake.

Maoni yetu kwa walimu

Hatusemi basi kwamba filamu hizi zifungiwe, wala kwamba mfasiri afukuzwe. Twasema zionyeshwe, na twasema zionyeshwe vizuri. Laurel na Hardy wenyewe walitupa mfano. Kabla ufundi wa kutia sauti nyingine haujakamilika, walizirudia baadhi ya filamu zao kwa Kihispania, Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano, wakisoma kwa shida maneno wasiyoyaelewa, yameandikwa kwa matamshi mbele yao. Be Big! iliunganishwa na filamu nyingine ikawa Les Carottiers kwa Kifaransa. Walikuwa vichekesho maradufu kwa lafudhi yao, na Wafaransa waliipenda lafudhi ile hata waliokuja kuwatilia sauti baadaye wakaihifadhi. Lakini walikuwa wao. Walijichosha kuifikia lugha ya mtazamaji, badala ya mtu mwingine kukaa juu ya vichwa vyao.

Mwalimu aweza kufanya hivi. Kwanza, asimulie kisa kwa Kiswahili fasaha kabla ya filamu kuanza, kisha anyamaze. Pili, baada ya filamu, awape wanafunzi sehemu ya dakika mbili, wavulana kwa wasichana, waandike mazungumzo ya mume na mke kwa Kiswahili wayaigize, kila mmoja akimtafutia mhusika wake sababu. Tutashangaa kuona ni wavulana wangapi watakaompa mke wa Hardy maneno ya busara pindi watakapolazimika kusema kwa kinywa chake. Tatu, awaulize swali moja tu: katika hadithi hii, ni nani aliyesema uwongo wa kwanza? Wakitumia swali hilo kwa Helpmates, wataanzia kwenye kioo. Wakilitumia kwa Be Big!, wataona ni kwa nini filamu hiyo ni dhaifu: kwa kuwa yenyewe haijali jibu.

Kijana mfasiri wa Gashonga tulizungumza naye usiku ule tulipokuwa tukikusanya nyaya. Hakukasirika. Alituambia kwamba yeye hujaza kimya kwa sababu huogopa watu watachoka. Tulimwonyesha tena mwisho wa Helpmates, sisi wachache tu, bila neno lolote. Mlango ukafungwa, mvua ikaanza. Akatazama mpaka ukutani pakawa peupe. Kisha akasema kwamba mara nyingine atakapoionyesha hiyo, mvua ataiachia kazi yake.